Nyaya Zinazopita Ugogo

Anayetoka Dodoma mjini kwa barabara ya Iringa hupita Mpunguzi, Manzase na Fufu kabla ya kuteremkia Mtera. Ni nchi ya mibuyu, ya mawe makubwa yaliyojilaza kama ng'ombe, na ya udongo mwekundu unaong'ang'ania nguo. Mito yake ni ya mchanga. Maji hupita siku chache za mvua, kisha akina mama hurudi kuyachimba chini. Katika nchi hiyo kavu imesimama minara ya umeme ya rika mbili. Rika la kwanza ni la miaka ya 1980: minara myembamba yenye nyaya tatu tu za kubeba umeme. Rika la pili lilikamilika mwishoni mwa mwaka 2016. Minara yake ni mirefu na mipana, na imebeba mzigo pande zote mbili kama mtu aliyechukua ndoo huku na huku.

Nimeitazama mara nyingi nikiwa dirishani mwa basi, na kila mara hunijia swali moja: waliochora ile ya kwanza waliiona Dodoma gani mbele yao? Laini ya umeme hujengwa kwa kukisia. Anayechagua unene wa waya, urefu wa mnara na msongo wa umeme anatamka, kwa chuma na zege, kwamba miaka thelathini au arobaini ijayo hapa patakuwa na watu kiasi fulani, viwanda kiasi fulani, taa kiasi fulani. Akikisia kidogo, watoto wake watakaa gizani. Akikisia kingi, nchi maskini italipa deni la chuma kisichofanya kazi. Historia ya umeme wa nyanda za kati ni historia ya makisio hayo, na ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Umeme wa kwanza wa Dodoma ulitegemea treni. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilikabidhi huduma ya umeme kwa kampuni binafsi mbili. TANESCO ilishika kaskazini mashariki, na mwaka 1936 ikaanza kuzalisha kwa maporomoko ya Pangani, karibu na mashamba ya mkonge ya Tanga. DARESCO ilishika Dar es Salaam na miji ya Reli ya Kati: Dodoma, Tabora, Kigoma. Tanga walikuwa na mto. Dodoma ilikuwa na reli, na reli ilileta mafuta ya kuendesha jenereta za dizeli. Mji ulipata kiasi kile ambacho jenereta zake ziliweza kutoa, na umeme huo uliishia maofisini, stesheni na kwenye nyumba chache za wakubwa. Ng'ambo ya pili ya mji watu waliwasha koroboi.

Kwa nini umeme wa Pangani haukuletwa Dodoma? Jibu limo ndani ya waya wenyewe. Waya hupinga umeme unaopita, na upinzani huo hugeuka joto linalopotea hewani. Hasara hiyo hupanda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, hasara huwa mara nne. Dawa yake ni kupandisha msongo ili mkondo upungue. Chukua megawati 100. Kwa msongo wa kilovoti 33, ambao ndio unaozunguka wilayani kwenye nguzo za mbao, utahitaji mkondo wa ampea 1,750 hivi. Kwa kilovoti 220 zinatosha ampea 262. Kwa kilovoti 400 ni 144 tu. Kama waya ni uleule, hasara ya kilovoti 33 ni zaidi ya mara 44 ya ile ya kilovoti 220. Lakini msongo mkubwa unataka minara mirefu, vikombe vingi vya kuning'inizia nyaya na transfoma za tani nyingi, na hakuna mfanyabiashara wa miaka ya 1930 ambaye angezinunua kwa ajili ya mji mdogo wa reli.

Kilichobadilisha hesabu ni siasa. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mwaka 1976 wataalamu kutoka Toronto, Kanada, walikabidhi mpango mkuu wa mji: barabara, bustani, makazi, ofisi. Mji mkuu wa namna hiyo haungeweza kuishi kwa kusubiri behewa la dizeli.

Wakati huohuo mto Ruaha Mkuu ulikuwa umeanza kufanyishwa kazi. Kidatu, chini ya milima ya Udzungwa, ilianza kuzalisha megawati 100 mwaka 1975, na baadaye ikafikia 204. Umeme wake ulikwenda Dar es Salaam kupitia Morogoro kwa laini ya kilovoti 220. Lakini Ruaha ni mto wa misimu, na Kidatu ilihitaji ghala la maji juu yake. Ghala hilo likawa Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, mahali ambapo Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo hukutana. Bwawa likijaa, uso wa maji hufika mita 698.5 juu ya bahari. Chini ya mita 690 mitambo haipaswi kuendelea kuyatumia. Kituo cha umeme cha Mtera penyewe, chenye mashine mbili za megawati 40 kila moja, kilikamilika mwaka 1988.

Hivyo ndivyo nchi ya mito ya mchanga ilivyopata kuwa jirani wa bahari ya maji baridi. Kutoka Mtera laini ya kilovoti 220 ikapanda hadi Dodoma, ikaendelea Singida, Shinyanga, na kufika Mwanza kwenye Ziwa Victoria. Msongo huo ndio uliokwisha kutumika Kidatu, na vifaa vya aina moja hurahisisha vipuri na mafunzo ya mafundi. Hata hivyo laini ilijengwa ya saketi moja: nyaya tatu, basi. Hapo ndipo makisio ya rika la kwanza yanaposomeka. Wahandisi walisema: umeme utafika, lakini hautakuwa mwingi; na ukikatika, watavumilia. Siwalaumu. Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni, na kila tani ya chuma ilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo.

Ila hata laini ya bei nafuu ilibidi ielewane na Ugogo, na Ugogo una masharti yake.

Sharti la kwanza ni mwinuko. Vifaa vya msongo mkubwa hupimwa kwa kuchukulia kwamba vitasimama mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Dodoma iko kama mita 1,120. Singida inakaribia 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ndiyo inayozuia umeme usiruke kutoka kwenye waya kwenda kwenye mnara. Kwa kila mita 100 za ziada uwezo wake wa kuzuia hupungua kwa takriban asilimia 1. Inaonekana ni kidogo, lakini ndiyo tofauti kati ya laini inayovumilia dhoruba na laini inayozimika kila ikisikia ngurumo. Kwa hiyo nafasi kati ya waya na chuma ilibidi ipanuliwe, na kifaa kilichoagizwa kwa vipimo vya pwani hakiwezi kupandishwa hapa bila kukokotolewa upya.

Sharti la pili ni vumbi, na hapa naomba msomaji asogee karibu kabisa na mnara. Waya hauugusi mnara. Umening'inizwa kwa mnyororo wa vikombe, yaani sahani za kauri au kioo zenye upana wa kama sentimita 25 kila moja. Laini ya kilovoti 220 huwa na zaidi ya kumi katika mnyororo mmoja. Ya kilovoti 400 huwa na zaidi ya ishirini. Geuza kikombe kimoja uone chini yake: kuna mikunjo ya duara, mmoja ndani ya mwingine, kama mawimbi ya maji uliyotupia jiwe. Haikuwekwa kwa urembo. Umeme unaotaka kutoroka hutambaa juu ya uso wa kikombe, na kila mkunjo huirefusha njia yake.

Dodoma mvua hukatika Aprili au Mei na hairudi mpaka karibu na Desemba. Miezi saba upepo unapeperusha vumbi lile jekundu, nalo linatulia juu ya vikombe tabaka kwa tabaka, pamoja na moshi wa mashamba yanayochomwa. Likiwa kavu halina madhara makubwa. Hatari huja na manyunyu ya kwanza. Mvua kubwa ingeosha. Manyunyu hulowanisha tu. Vumbi hugeuka tope jembamba lenye chumvi, na tope hupitisha umeme. Cheche ndogo za bluu huanza kukimbia juu ya sahani, zinakausha sehemu, zinaruka sehemu, zinaungana, na ghafla mnyororo mzima unawaka kwa mwali mmoja. Swichi za kituoni hufyatuka. Mkulima wa Bahi anashangilia harufu ya mvua usiku huohuo taa zinapozima mjini. Ndiyo maana anayeagiza vikombe vya nyanda hizi huuliza urefu wa njia ya kutambaa kabla ya kuuliza bei.

Sharti la tatu ni radi na mwamba. Juu kabisa ya mnara huvutwa waya usiobeba umeme, kazi yake ni kuipokea radi na kuiteremsha ardhini kupitia chuma cha mnara. Lakini ardhi yenyewe lazima iipokee. Udongo wenye unyevu hupokea vizuri. Mwamba wa matale wa Dodoma na Singida hukataa. Radi iliyokataliwa chini hupanda tena, ikaruka kinyumenyume kupita vikombe na kuingia kwenye laini. Kwa hiyo mahali pa mawe mafundi huzika nyaya ndefu kutoka miguuni mwa mnara, zikitawanyika kama mizizi ya mbuyu kutafuta udongo unaopokea.

Na pasipo na mwamba kuna kinyume chake. Jina la Dodoma, kwa masimulizi ya Wagogo, latokana na idodomya, mahali palipodidimia, kwa kumbukumbu ya tembo aliyezama topeni alipokwenda kunywa maji. Mhandisi wa misingi hana budi kuyachukulia masimulizi hayo kwa uzito. Kwenye mbuga za udongo mweusi ardhi hupasuka kiangazi kiasi cha kumeza mguu wa mbuzi, na masika huvimba kama unga uliotiwa chachu. Mnara una miguu minne. Mmoja ukiinuka na mwingine ukazama, chuma hupinda. Msingi hapo huchimbwa kupita tabaka linalocheza, na gharama hupanda.

Laini ikajengwa, ikawashwa, ikafanya kazi. Tatizo lake likawa urefu. Msongo ulioondoka ukiwa mzima ulishuka kadiri mzigo ulivyoongezeka njiani, na Shinyanga na Mwanza, zilizokaa mwisho wa mnyororo, ndizo zilizoumia. Kisha migodi ya dhahabu ikafunguka. Bulyanhulu ilianza mwaka 2001, na mgodi hauna usiku wala mchana. Nyaya tatu zilizokisiwa kwa ajili ya taa na vinu vya pamba zikawa zinavuta lifti za machimbo.

Usiku kulikuwa na taabu ya kinyume. Laini ndefu isiyo na mzigo huanza yenyewe kupandisha msongo, hata kule mwisho ukawa mkubwa kuliko mwanzo. Jambo hili liliwashangaza Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, Sebastian Ziani de Ferranti alipoleta umeme London kutoka mtambo wake wa Deptford, na hadi leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Huko tatizo lilikuwa kebo ya kilomita chache. Huku ni mamia ya kilomita za nyika. Dawa yake ni reakta, koili kubwa ndani ya tangi la mafuta, zinazofungwa vituoni ili kumeza ziada hiyo. Mtu anayepita nje ya uzio huona kitu kinachofanana na transfoma, kinavuma mchana kutwa, hakimpelekei mtu umeme. Bila hicho, usiku wa manane vifaa vya watu vingeungua.

Ukame ukaja juu ya yote. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalishuka mno, nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme, na mwaka 2011 mgao ukarudi. Wanaokumbuka wanakumbuka mlio wa jenereta kila duka, na ratiba za mgao zilizobandikwa ukutani. Nchi ilikuwa inageukia gesi ya Songo Songo, yenye mitambo yake Dar es Salaam, na umeme wa gesi ulilazimika kupanda bara kwa njia zilezile nyembamba.

Ndipo likaja wazo la laini waliyoiita uti wa mgongo: Iringa hadi Dodoma kilomita 225, Dodoma hadi Singida 217, Singida hadi Shinyanga 228. Jumla kilomita 670, kilovoti 400, saketi mbili. Mikopo ilitoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, Japani na Korea Kusini. Kwa sehemu kubwa minara ilisimamishwa sambamba na laini ya zamani. Msongo huo ulitaka mambo mapya. Umeme wa kilovoti 400 ukipita kwenye waya mmoja mwembamba huipasua hewa inayouzunguka, na hewa ya nyanda za juu hupasuka upesi zaidi. Utasikia mvumo kama wa nyuki na nguvu zinapotea bure. Kwa hiyo kila njia hupewa nyaya kadhaa zilizoshikanishwa kwa vibano, zionekane mbele ya umeme kama waya mmoja mnene. Kiini cha kila waya ni chuma cha kuvumilia mvuto, nje ni alumini ya kubeba mkondo, nyepesi na ya bei ndogo kuliko shaba.

Kitu kinachonigusa kuliko vyote katika laini hii ni kwamba ilijengwa kwa kilovoti 400, ikaanzishwa kwa 220. Umeme wa kuijaza haukuwepo bado. Ingewezekana kujenga tena ya kilovoti 220, na fedha zingebaki. Waliokaa mezani waliamua kuweka minara ya watu ambao hawajaja, nyumba ambazo hazijajengwa, mitambo isiyokuwepo. Hasara kwenye waya uleule hushuka hadi chini ya theluthi ukipanda kutoka 220 kwenda 400, lakini faida hiyo ilikuwa ya kesho. Safari hii nyanda za kati zilikisiwa kwa ukarimu.

Na watu wakaja. Mwaka 2016 serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa dhati. Aprili 2018 manispaa ikatangazwa jiji. Mtumba ukainuka mji wa serikali mahali palipokuwa na vichaka vya miiba.

Kuna deni moja ambalo historia hii haiwezi kulikwepa. Kwa miaka mingi vijiji vya chini ya laini ya kwanza viliona umeme ukipita juu ya paa za tembe zao na kwenda zake. Wazee walichukua fidia ya mkuza, wakakatazwa kupanda miti mirefu, na jioni wakawasha vibatari. Waliouliza waliambiwa ni umeme mkubwa, haushuki. Maelezo hayo ni ya kweli nusu. Kituo cha kupoza umeme kutoka kilovoti 220 kwenda 33 ni mradi wa mabilioni, na hakijengwi kwa ajili ya kijiji kimoja. Lakini Ghana, chini ya laini zao za kilovoti 161, walipata njia nyingine: ule waya wa juu wa kupokea radi waliufunga kwenye vikombe vyake, wakaupitishia msongo wa kati, na vijiji vilivyokuwa chini vikapata taa kutoka kwenye mnara uleule. Bado ulikinga radi. Kwa hiyo kijiji cha chini ya laini kinaweza kuhesabiwa tangu kwenye mchoro, iwapo kuna mtu mezani atakayekitaja. Kwetu jibu lilikuja kwa njia ndefu, kwa nguzo za mbao za kilovoti 33 chini ya Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007. Tembe nyingi zilizopitwa kwa karibu miaka thelathini zilipata luku kutoka kituo cha mbali, si kutoka mnara ulio uani.

Leo kituo cha umeme cha Zuzu, magharibi mwa jiji, ni njia panda. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lilianza kuzalisha Februari 2024, na mashine zake tisa za megawati 235 zina uwezo wa megawati 2,115. Laini ya kilovoti 400 ya kilomita 345 kutoka Chalinze imepangwa kuuleta umeme huo Dodoma. Kutoka Singida laini nyingine ya kilovoti 400 inakwenda Arusha na Namanga, ikaungane na Kenya huko Isinya. Na tangu katikati ya 2024 treni ya reli mpya inayoingia Dodoma kutoka Dar es Salaam haichomi mafuta. Inavutwa na umeme wa kilovoti 25 juu ya paa lake, katika mji ambao umeme wake wa kwanza ulisubiri treni.

Minara ya rika la kwanza bado imesimama na inabeba mzigo. Zamani, ili fundi apande kuosha vikombe au kubadilisha kilichovunjika, laini ilibidi izimwe, na kuizima kulimaanisha kuzima Dodoma hadi Mwanza. Kwa hiyo kazi iliahirishwa, vumbi likazidi, na manyunyu yakaamua yenyewe siku ya kuizima. Sasa saketi moja ikizimwa, nyingine hubeba. Novemba, kabla ya mawingu kukusanyika upande wa Kilimatinde, mafundi wanaweza kufunga mikanda yao asubuhi, wakapanda, wakafuta vumbi la miezi saba sahani kwa sahani, wakatoa kioo kilichopasuka na kuingiza kipya. Chini yao mtoto anapitisha mbuzi. Mjini mashine za kusaga zinaendelea kunguruma, na hakuna mtu hata mmoja anayejua kwamba wako juu.